Sahihi za Duara

—Futa jina lako, shemeji. Kabla ya saa sita mchana.

Fundi hakuinua macho. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, sare za shule zikipita chini ya sindano.

—Hunisikii? Wewe ni mwenyekiti wa akina mama wa chama cha Nyota! Kaka yangu, mumeo, alikufa akiwa Nyota. Leo unaongozana na mtu wa chama cha Daraja, huyo Afande, tena askari magereza mstaafu!

—Marehemu alikufa kwa presha, shemeji. Usimzulie ugonjwa mwingine.

Mdogo wake Fundi alikuwa mahabusu mwaka wa tatu, kesi haijasikilizwa hata siku moja. Mle ndani walilala kwa zamu, maana sakafu haikuwatosha. Afande alilinda lango la gereza lile miaka ishirini na saba. Alipostaafu, moyo ulimsuta, akaandika ombi kwa Bunge: mahabusu asizidishe mwaka bila kesi yake kusikilizwa. Bunge likasema sawa, ila ombi liwe na sahihi za vyama vyote viwili, na lipelekwe na watu wawili, mmoja wa kila chama. Siku ya mwisho ndiyo hiyo, saa sita mchana.

Watu walikubali. Kikwazo, hakuna aliyetaka kusaini chini ya jina la mpinzani. Fundi akachukua sahani, akachora duara kila ukurasa, wakasaini kwa kuzunguka. Hakuna wa juu, hakuna wa chini. Na katika kugonga milango pamoja, Fundi na Afande, nyumba hadi nyumba, mapenzi nayo yakapata pa kuingilia.

—Basi ujue mwenzio ameshafuta lake, shemeji alisema, akimsogezea simu. —Tazama!

Pichani Afande alikaa chini ya bendera ya Daraja, karatasi mbele yake, kalamu mkononi.

Cherehani ikanyamaza.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akaandika: "Afande, ni kweli?" Kimya.

—Nilikwambia mimi, shemeji alichekelea.

"Mungu wangu," Fundi aliomba kimoyomoyo, "kama kweli, nione kwa macho yangu." Akabeba kurasa zote, akatoka na blauzi yake ya Nyota, moja kwa moja hadi ofisi ya Daraja.

Katibu wao alimzuia mlangoni.

—Mama, umepotea njia?

—Sijapotea. Nimemfuata mtu wangu.

Akampita. Afande alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

—Fundi! Si umefuta jina tangu jana?

—Nani kasema?

—Katibu. Eti shemeji yako kampigia.

—Na mimi shemeji kaniambia umefuta wewe! Hiyo karatasi je?

—Barua ya kujitoa. Wamenipa kalamu tangu asubuhi. Nikawaambia sisaini mpaka nimsikie Fundi kwa mdomo wake. Simu wamechukua, eti wananichajia!

Fundi akamgeukia katibu, mikono kiunoni.

—Kumbe mnapigiana simu! Sisi mnatukataza hata kusalimiana msibani, kumbe nyie namba za wenzenu mnazo!

—Tutawafukuza chama, wote wawili!

—Fukuzeni! Mdogo wangu analala kwa zamu mwaka wa tatu. Mimi nikose usingizi kwa sababu ya kadi ya chama?

Afande akaichana barua, vipande akamwekea katibu mkononi kwa adabu zote.

—Naomba simu yangu, ndugu katibu. Imeshajaa.

Walifika ofisi ya Bunge wakihema. Karani akahesabu kurasa huku akizizungushazungusha apate kusoma majina. Kisha akavuta fomu.

—Mleta ombi wa kwanza, chama gani?

—Nyota, alisema Fundi.

—Wa pili?

—Daraja.

—Uhusiano wenu?

Mlango ukasukumwa. Shemeji, jasho linamtiririka.

—Andika mahasimu! Hao ni mahasimu wa kisiasa!

—Andika wachumba, Fundi alisema.

Afande akageuka, mdomo wazi.

—Fundi, lakini mimi bado sijaku...

—Umechelewa, Afande. Miezi minne unazungumzia habari za mvua tu. Unakataa?

—Nikatae! Mimi? Karani, andika, baba. Andika kwa herufi kubwa!

Karani aliandika huku akijizuia kucheka. Akainua mhuri, akaugonga kwa nguvu: LIMEPOKELEWA. Saa sita kasoro dakika nne. Sasa Bunge halikuwa na pa kukwepea, lilipaswa kulijadili.

Fundi alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa niaba ya mdogo wake.

—Na wewe mzee, karani alimuuliza yule wa mlangoni, —ni nani kwao?

—Mimi? Mimi ni...

—Ni shemeji, Fundi alimkatiza. —Wa wote wawili sasa.