Mzigo Mapajani

Cha kwanza kilikuwa joto.

Solveig alikuwa ameweka begi lake kwenye kiti cha pembeni yake, begi la mgongoni la kijani lenye termosi ya kahawa, mikate ya mdalasini, na soksi za mtoto mchanga alizozifuma mwenyewe kipupwe kizima. Alipolivuta amimine kahawa, mkono wake ukagusa kiti, akakuta pa moto. Moto wa makalio ya mtu. Kama mtu kainuka hapo sasa hivi. Na kwenye kile chumba cha viti sita, tangu Munich, walikuwa wawili tu, yeye na mumewe Torsten.

Akajisemea ni bomba la kupasha joto limepita chini ya kiti. Watu wa mji wao, Lund, wana jibu la kila kitu, ndo balaa lao.

Huyu Solveig bwana, alikuwa ameapa. Alisimama mbele ya kwaya nzima ya kanisa, glasi ya divai mkononi, akasema ndege hapandi tena mpaka anaingia kaburini, moshi wake unaichoma dunia, wajukuu watakuja kula majivu. Dada yake Gudrun alimcheka mpaka akashika mbavu. Ndege ni masaa mawili, akamwambia, wewe na kiuno hicho unaenda kukaa siku mbili kwenye treni kama gunia la viazi. Lakini binti yao Ylva kajifungua Bologna, mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza, na Solveig akasema watafika, na watafika kwa treni. Torsten, seremala mstaafu, mtu mpole huyo hata nzi anamfungulia dirisha, akasema sawa. Ndivyo anavyosema tangu mwaka wa harusi. Akabeba mizigo.

Sasa wale watu wa Lund wana tabia moja. Wakipanda treni, kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakaribii mtu. Si kiburi, ni haya. Wanaogopa kusemeshwa kuliko wanavyoogopa mbwa. Begi kiti cha jirani, koti kiti cha pili, gazeti kiti cha tatu, halafu unatazama nje kama kiziwi. Kwa hilo Solveig ni bingwa. Akamaliza kikombe chake, akalirudisha begi palepale pa moto, tena kwa kulitupa.

Kiti kikaguna.

Torsten akainua macho. Akauliza nani kawasha kiberiti, maana alisikia harufu ya baruti, na nyuma ya baruti harufu ya jiwe bichi, la ndani ya ardhi, na jasho la zamani. Solveig akamwambia ni breki. Wakati huo walishaipita Innsbruck na treni inapanda milima. Wakaingia handaki la kwanza, giza, taa ikachelewa kuwaka, na ilipowaka begi lilikuwa sakafuni.

Akalirudisha.

"Begi lako limekuchoka, bibie," Torsten akamtania. "Mimi bado."

Handaki la pili. Safari hii begi halikuanguka, lilirushwa. Lilipita mbele ya uso wa Solveig, akasikia upepo wake, likampiga Torsten kwenye paji la uso, na termosi ndani yake ikapasuka. Walipotoka kwenye mwanga mzee wa watu ana damu mpaka kwenye ndevu, anatabasamu vile anavyotabasamu akijikata na msumeno, anasema hamna kitu, hamna kitu.

Mtu mwingine angetoka mbio. Mtu mwingine angeita watu. Lakini kuita watu ni kusemeshana, na kusemeshana ni aibu, kwa hiyo Solveig alimfuta mumewe kwa leso, midomo kaibana, akaokota begi linalodondosha kahawa akaliweka mara ya tatu kwenye kile kiti, na akalikandamiza kwa mikono miwili kama anayekanda unga. Chini ya mikono yake kitu kikavuta pumzi.

Handaki la tatu lilikuwa fupi, lakini lilitosha, maana gizani humo Solveig alimsikia Torsten anasema "subiri, subiri kidogo," kwa adabu kabisa, kama anasema na mgeni, halafu akasikia ko, kama kijiti kikavu, na ko nyingine, na nyingine, taratibu, moja moja, bila haraka, na baada ya ile ya tano ndo mumewe akalia, sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo miaka arobaini na moja ya ndoa, na mwanga ulipoingia mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, vidole vyote vitano vimegeukia nyuma.

Solveig akaurukia mlango. Mlango haukusogea. Akaupiga, akaupiga teke, akapiga kioo kwa kiatu, na nyuma yake kitu kikamshika nywele kikambamiza uso kwenye kile kioo mara mbili, jino likatoka.

Mlango ukafunguliwa kwa nje. Alikuwa mama mmoja anayepitisha kitoroli cha chai na sambusa za tufaha, jina lake Walburga, mtu wa milima hiyohiyo, mnene, mashavu mekundu. Hakuwatazama wao kwanza. Alitazama vile viti vitupu, akasema kwa heshima, "Samahanini, hapa pana mtu?" Akangoja. Akatikisa kichwa kama kajibiwa. Ndipo akawaona.

"Nani kati yenu kamtwika mzigo?"

Solveig akaonyesha begi, damu inamtoka mdomoni.

"Hukuuliza?"

"Palikuwa patupu."

"Patupu wanaona wageni," Walburga akasema. "Sisi huku hata chumba kiwe kitupu tunauliza. Mtoto wa miaka mitatu anauliza."

Akawaeleza haraka haraka, sauti chini, macho hayatoki kwenye kile kiti. Huyo ni wa mlimani. Wale waliochimba haya mahandaki na baruti waliivunja nyumba yake, tangu hapo anapanda treni anashuka Bolzano, anapanda anashuka, na ukimwacha akae zake hana neno na mtu. Kutoka nje hakusaidii, wakitoka na yeye anatoka nao. Kuvuta breki ndo usithubutu, wataganda naye gizani. Dawa ni moja. Aliyeuweka mzigo auchukue mwenyewe, aupakate mwenyewe, mpaka Bolzano, na asiuweke popote.

"Utakuwa mzito, mama. Usimpe mtu. Hata huyu mumeo usimpe. Ukimtwika mwingine, huyu wa mlimani atabadilishana naye."

"Kubadilishana vipi?"

"Mmoja ashuke, mmoja abaki," Walburga akasema. Akasogea akasimama mlangoni, rozari mkononi, na hakuingia ndani hata kwa unyayo mmoja.

Solveig akalichukua begi. Mwanzoni lilikuwa begi tu, limelowa kahawa. Akakaa, akalipakata, Torsten mbele yake amejikunja na ule mkono, mweupe kama maziwa. Na mbele ya treni kuna handaki la mwisho kabla ya Bolzano, refu kuliko yote, dakika na dakika chini ya mlima.

Wakaingia.

Likaanza kuwa zito kama mtoto aliyelala, halafu kama mtu mzima, halafu kama kabati la chuma, na mapaja yake yakazama kwenye kiti mpaka akazisikia springi zinakatika chini yake, na hapo ndipo vipigo vikaanza, ngumi za mtu asiye na haraka, mbavu za kushoto, mbavu za kulia, sikio, na kila ngumi ina harufu ya baruti, na yeye amelikumbatia begi kwa mikono yote miwili na meno yaliyobaki, anaomba maombi yote aliyoyaimba kwenye kwaya bila kuyaamini, na uzito unazidi, sasa ni jiwe, sasa ni mlima wenyewe na theluji yake umekaa juu ya mapaja ya bibi wa miaka sitini na mbili, na mfupa wa paja la kulia ukalia ko, ukalia tena, akajua unavunjika, akausikia unavunjika, na gizani akapiga yowe kama mwanamke anayezaa.

"Nipe mimi, mke wangu."

Alikuwa Torsten. Tusimsingizie jini, alikuwa Torsten mwenyewe, kwa sauti yake iliyokauka na maumivu. Alishaunyoosha mkono wake mzima.

"Nimebeba mizigo yako maisha yote. Nipe dakika moja tu, upumue."

Na Walburga mlangoni anapiga kelele asimpe, asimpe. Solveig alimsikia. Alimsikia vizuri kabisa. Lakini paja lilikuwa limekatika, na sauti ile ndiyo sauti iliyompokea mizigo tangu akiwa msichana, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Ikampa.

Palepale vipigo vikakatika. Uzito ukaisha. Hakikusikika kitu isipokuwa magurudumu.

Mwanga ukaingia, mashamba ya mizabibu, stesheni ya Bolzano. Treni ikasimama. Torsten amekaa mbele yake, begi mapajani, wima, usoni hana tone la damu. Anamtazama mkewe kwa upole. Solveig akacheka na kulia pamoja, akamwambia tumeshinda mzee wangu, tumeshinda, akaunyoosha mkono amshike.

Mkono wa kulia wa Torsten ukaja kuupokea. Vidole vyote vitano vimenyooka, vizima, vya moto.

Solveig akageukia dirishani. Kwenye jukwaa abiria wanashuka na masanduku yao, na katikati yao anakwenda mzee mwenye ndevu za damu, ameubana mkono wake uliovunjika kifuani, anatembea kuelekea mlimani kama anayevutwa kwa kamba. Mara moja tu aligeuka. Alikuwa anatafuta dirisha. Solveig akapiga kioo, akaita jina lake mpaka koo likachanika, akataka kuinuka na paja likakataa. Walburga alikuwa ameshafunga mlango kwa nje, na kitoroli chake kinasikika kinakwenda mbio.

Treni ikaondoka.

Kile kilichokaa mbele yake kikafungua begi, kikatoa zile soksi ndogo, kikazikamua kahawa moja moja. Chumba kikanuka jiwe bichi.

"Tulia, bibie," kikasema, kwa sauti ya Torsten. "Bologna si mbali. Ylva anatungoja. Nina hamu ya kumpakata mtoto."