Gitaa Lililomjibu Mjane

Kisa hiki nilisimuliwa na wifi yangu, fundi wa magitaa, masika yaliyopita, tukisubiri mvua ipungue. Nanyi wajukuu zangu, kisikieni.

Kila akitoka shule, binti wa kaka yake, aliyeishi naye na waliyemwita Chapuchapu kwa pupa yake, alifagia maranda ya karakana na kukoroga gundi. Siku moja akapewa kazi hasa. Jirani yao mjane alileta gitaa la marehemu mumewe. Kijiti kinachoshikilia uso wake kwa ndani kilikuwa kimebanduka. Chapuchapu akakigundisha, akakikaza kwa kibano.

"Kibano kisiguswe mpaka kesho," shangazi akamwonya.

Jioni ile ile akakifungua kwa siri, akamaliza kazi, akaenda kucheza; kesho yake akadai kibano kilikesha, gitaa likarudishwa kwa mjane. Nani atachungulia tumboni mwa gitaa?

Haukupita muda, mjane akaja akinong'ona.

"Fundi, lile gitaa lina mtu."

"Mtu gani tena, dada?"

"Nikikohoa, linaguna. Nikiita paka, linaguna, vilevile kama marehemu. Siku hizi nyumbani kwangu sisemi."

"Hata paka humwiti?"

"Paka mwenyewe kahama! Leo nalichoma."

Wakamfuata. Chumba kilikuwa na giza la magharibi, gitaa likining'inia ukutani peke yake.

"Hodi," shangazi akasema.

*Zzzz*, ukuta ukaitika.

Chapuchapu akakumbuka kile kijiti, akajificha nyuma ya shangazi. Mjane akalitungua gitaa, kiberiti mkononi. Likiwaka, siri yake nayo itakuwa jivu. Lakini mama wa watu alibakiwa na kumbukumbu hiyo tu.

"Bibi, usilichome! Ni mimi. Nilifungua kibano mapema, nikadanganya."

Shangazi akaingiza kidole tunduni. Kijiti kikacheza kama jino bovu. "Sauti zetu hutikisa nyuzi, nyuzi hutikisa ubao, nacho kinaguna. Hakuna mtu humu."

Wakakigundisha kijiti upya, na safari hii kibano kikakaa hadi kesho yake.

Walipolirudisha, mjane akakohoa. Kimya. Akakohoa tena.

"Mbona haitiki?" akauliza, kama aliyefiwa mara ya pili.

"Lipige, bibi," Chapuchapu akasema. Mjane akagusa uzi mmoja, ukalia safi, naye akatabasamu.

Njiani shangazi akasema, "Kazi ya haraka huweza kurudiwa, mwanangu. Lakini ungenyamaza, leo tungerudia jivu? Ukikosea, sema mapema."

Usiku huo shangazi alitangulia kulala. Chapuchapu akakohoa kidogo gizani, akasikiliza kama magitaa ya karakanani, ng'ambo ya ukuta, yataguna.

Kimya. Akajifunika shuka, akalala.