Simu Ilikuwa Mikumi

Watu wa Kilosa, hii habari nawapa kama ilivyo, na mwenye mume au mke ndani ya simu asikilize mara mbili.

Pale Msowero kuna dada anaitwa Marciana. Kila alasiri akishatoka shamba alikuwa anakaa kibarazani anapukuchua mahindi, simu kaiegemeza kwenye kinu, ramani iko wazi. Kwenye ramani kuna kidoti cha bluu kimetulia Mikumi, kando ya barabara kuu, kwenye gereji moja. Hicho kidoti ndiyo Nickson, mume wake, fundi wa kuchomelea. Mtoto wao Agnesi, miaka sita, alikuwa anakiinamia kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Marciana anaitikia kwa sauti nzito ya kiume, halafu wanacheka mpaka mahindi yanamwagika.

Miezi mitano waliishi hivyo. Raha tupu.

Sasa kidoti kilianzaje? Nickson aliwahi kushikwa na mwanamke mwingine. Marciana akafunga mizigo, akarudi kwao. Wazee wakaitisha kikao. Na mnajua desturi: mwanaume akitaka kurudishiwa mke baada ya aibu kama ile, analeta mdhamini, mtu mzima wa kusimama na kusema, huyu akirudia, niulizeni mimi. Siku ile mdhamini akawa simu. Na wazo hilo lilitoka kwa Paulo, mdogo wake Marciana wa tumbo moja, anayefanya kazi na Nickson gereji hiyohiyo.

"Wazee wangu, dunia imebadilika," Paulo akasema. "Shemeji awashe location, dada amwone saa yoyote. Na mimi niko naye palepale. Nitakuwa jicho la dada."

Mjomba wao, mzee Urbanus, akauliza, "Hiyo kitu inaweza kusema uongo?"

"Haiwezi, mjomba. Inatoka setelaiti."

Mzee akaitikia kwa kichwa, wenzake wakapiga makofi. Paulo akazishika simu zote mbili, akaziunganisha mwenyewe. Nickson akaapa. Marciana akarudi nyumbani kwake.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama Nickson atakuwa anatembea nayo hiyo simu. Nani angeuliza? Siku hizi mtu anaweza kusahau viatu, siyo simu.

Basi bwana, Jumanne moja Agnesi akaamka anachemka. Zahanati wakampima, wakakuta malaria kali, wakasema mpelekeni mjini sasa hivi. Gari hakuna. Jirani yao Shilinde, mfugaji aliyehamia pale na ng'ombe wake, akatoa pikipiki. Huyu Shilinde ndiye Nickson alikuwa anamwita "mzee wa kwato" kila akipita na mifugo.

"Mama Agnesi, panda. Mfunge mtoto vizuri katikati."

Hospitali mjini Kilosa, nesi akaangalia viganja vya Agnesi. Vyeupe kama karatasi.

"Damu imeshuka sana. Anahitaji kuongezewa, ni kundi O, na iliyokuwepo imeenda kwa mama aliyejifungua asubuhi hii. Wewe kundi gani?"

"A."

"Baba yake?"

"O! Ana kadi kabisa."

"Yuko wapi?"

Marciana akafungua ramani. Kidoti hicho hapo, Mikumi, gereji. Akapiga. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Akapiga mpaka mara kumi na moja. Akajaribu kitochi, ile simu ndogo ambayo Nickson ndiyo huwa anampigia nayo kwa kuwa inakaa na chaji. Haipatikani. Akampigia Paulo.

"Paulo, mpe simu shemeji yako."

Paulo akadhani ni wivu wa siku zote. "Dada, yuko chini ya fuso, mikono yote oili. Nitamwambia akupigie."

"Paulo, sikiliza, mtoto..."

Imekatwa. Akapiga tena, imezimwa.

Marciana alikaa kwenye benchi anakitazama kile kidoti. Alianza kukiongelesha. "Nickson, toka chini ya hilo gari. Baba Agnesi, toka." Hakisogei. Kutoka Mikumi mpaka Kilosa ni masaa mawili kama ukibahatika. Kila dakika aliyokaa chini ya lile gari ilikuwa ya mtoto.

Ndipo akamkumbuka rafiki yake Costancia, anayeuza chapati stendi ya Mikumi. Akampigia, akamweleza hali ya mtoto, akamtumia ile ramani. Costancia akamwachia jirani meza ya chapati, akakimbia na aproni yake.

"Shoga, nimefika. Namuona Paulo tu hapa anacheza drafti. Nickson simuoni."

"Yuko chini ya fuso."

"Fuso gani? Hapa kuna bajaji mbili na trekta bovu. Hebu ipigie hiyo simu."

Marciana akatumia simu ya Shilinde kupiga. Kwenye simu yake mwenyewe, kupitia kwa Costancia, akasikia mlio. Ule wimbo wa kwaya aliomwekea mumewe kwa mkono wake.

"Shoga," Costancia akasema polepole, "inalia mfukoni mwa mdogo wako."

Halafu akamgeukia Paulo. "We kijana! Agnesi anakufa kwa kukosa damu, na wewe unasukuma kete? Baba yake yuko wapi?"

Sauti ya Paulo ikaja, imepasuka: "Yuko Mabwerebwere."

Mabwerebwere! Kilosa hiyohiyo, ndani ya mji. Ukitoka hospitali na bodaboda, dakika kumi. Kwa yule yule mwanamke wa kwanza, tangu wiki ya pili baada ya kikao.

Shilinde alikuwa amesikia yote. Akakunja mkono wa shati, akamfuata nesi. "Mimi nipimeni."

O.

Paulo akampigia yule mwanamke, akasema tu mtoto yuko hospitali anahitaji damu; kwamba siri imeshatoka, hakuthubutu kusema. Nickson alipofika, damu ya mzee wa kwato ilikuwa imeshaanza kumwingia Agnesi, tone kwa tone. Yeye anahema, mguuni kavaa kandambili za kike, za pinki, kisigino kimemwagikia nje.

"Mke wangu! Nimetoka Mikumi mbio, njia nzima naomba Mungu!"

Marciana hakupiga kelele. Alimgeuzia kioo cha simu. "Mbona simu yako bado iko Mikumi?"

Nickson akaangalia kidoti. Akaangalia kandambili. Akakosa pa kuweka macho.

Agnesi alipona. Nickson hakurudi Msowero tena. Kikao cha pili kilikuwa kifupi.

Ila kilichomuuma Marciana zaidi siyo Nickson. Kesho yake Paulo alikuja wodini, akapiga magoti.

"Dada, nisamehe. Yeye ndiye alinitafutia kazi. Nikasema nikimkatalia atanifukuzisha. Halafu wanaume tunasitiriana..."

"Miezi mitano, Paulo," Marciana akasema. "Kila jioni nakaa na mwanangu tunaangalia kile kidoti, mtoto anakiamkia shikamoo baba, mimi nakiombea kilale salama. Kumbe ni wewe. Ulikuwa unaniona napiga, mara kumi na moja, jina langu linawaka mfukoni mwako, na hukupokea."

 

FUNZO

Ndugu zangu, ramani inaonyesha simu ilipo. Haionyeshi mtu, na moyo wa mtu ndiyo kabisa. Mtu aliyevunja uaminifu usimrudishe kwa sababu ya kidoti. Mrudishe kama amebadilika, na kama hajabadilika, hata umfunge kengele shingoni ataivua.

Na wewe unayemsitiri mwenzako, kaka, shemeji, rafiki, usijifariji kwamba ni siri ndogo ya wanaume. Hujui siku ambayo huyo unayemficha atatafutwa kwa jambo la uhai. Simu ya mwenzako ikiita mfukoni mwako, ipokee, hata kama utaaibika.

Mzee Urbanus sasa hivi kila kikao anasema hivi: mdhamini aje mwenyewe, kwa miguu yake, akae hapa tumuone usoni.