Sanduku la Kwenda Mbita

Sakafu ya ukumbini ilikuwa imelowa tena. Priscilla aliipangusa asubuhi, akaipangusa baada ya chai, na sasa jua la Migori linachoma mabati lakini pale mlangoni pana nyayo za mtu mzima. Zilizokauka zilikuwa zimeacha utando mweupe. Akaugusa kwa kidole, akaonja. Chumvi.

Mumewe, Mheshimiwa Wangwe, alijifanya anasoma simu. Simu yenyewe ndiyo ilikuwa adui. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na ile video: yeye mwenyewe, afisa mkubwa wa serikali, suti na tai, uwanja wa ndege, anajibebea sanduku la kahawia ambalo si lake. Si mara ya kwanza, watu walisema, na tusidanganyane, haikuwa. Kila akitoka semina alirudi na sanduku la mtu. Wala hakuwa na shida ya chochote! Ni ile raha tu ya kung'oa lebo na kufungua zipu asijue atakuta nini. Akiulizwa, jibu lilikuwa mdomoni: "Masanduku yanafanana, jamani. Nilichanganya." Na akifika nalo mlangoni hulipiga kofi mgongoni na kulitania: "Karibu nyumbani, mgeni."

Hili la kahawia lilikuwa na nguo za mwanaume tu. Tangu liingie, magurudumu yalisikika yakisaga vigae, krr, krr, kutoka stoo hadi chumba cha mtoto, mchana kweupe, na ukienda kuangalia, sanduku liko palepale. Halafu ile harufu ya dizeli na maji ya bahari, bahari ambayo Priscilla hajawahi hata kuiona.

"Baba Liz," Priscilla aliita kwa sauti ya chini. "Njoo umbusu mtoto."

"Kwani kuna nini?"

"Mbusu tu."

Wangwe akainama. Shavu la Liz lilikuwa baridi. Alipoinuka akalamba midomo yake. Mtoto alikuwa na ladha ya chumvi.

Hapo ndipo Priscilla alipomweleza alichosikia redioni kwa Kijaluo, lugha ya kwao, ambayo Wangwe, Mkuria wa Ntimaru, anaijua ya sokoni tu. Kuna mwanamke wa Mbita anaitwa Kezia. Ndugu yake Chrispine alikuwa baharia, akazama, mwili haukupatikana. Mtu wa hivyo, Wajaluo huzika tunda la yago, lile refu zito, mahali pa mwili wake. Kezia alizifuata nguo zake ng'ambo zizikwe nalo, na njia nzima alizungumza na sanduku vile mtu anavyosindikiza maiti: Chrispine, tunaenda nyumbani, usibaki nyuma. Kisha sanduku likaibwa uwanja wa ndege.

"Wewe ukamleta hapa, ukamwambia karibu nyumbani!" Machozi yalimtoka Priscilla. "Anajua amefika, Baba Liz. Atatokaje?"

Wangwe aliizima simu, akaiweka kifudifudi.

"Nimempigia Kezia, namba ilitolewa redioni. Anasema ulirudishe, na useme ukweli Chrispine mwenyewe asikie: kwamba ulimwiba, na kwako si kwake. Usiposema, mimi na mtoto wangu hatulali hapa."

"Nitasema," Wangwe akasema, na wakati ule alimaanisha kabisa.

Aliliweka sanduku kiti cha nyuma, akashika njia ya Homa Bay kwenda Mbita, na kadiri alivyokwenda ndivyo harufu ilivyozidi hata alipofungua madirisha yote, na nyuma yake kiti kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, na pumzi ikaanza, pumzi yenye maji ndani, ikimpuliza kisogoni pole pole, naye akawa anaomba msamaha kimoyomoyo, nisamehe ndugu yangu, nisamehe, asithubutu kutazama kioo mpaka alipoliona ziwa.

Kwa kina Kezia waombolezaji walikuwa wamekaa chini ya turubai. Kaburi lilikuwa wazi, tunda la yago kando yake juu ya shuka jeupe. Kezia hakumtukana, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

"Mwambie, Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Anakusikiliza."

Wangwe akafungua kinywa. Akaona simu zikiinuliwa huku na huku. Akaikumbuka kamati ya nidhamu iliyomtaka afike Jumatatu kwa ajili ya ile video, kiti chake ofisini, gari, jina. Yarabi, ilikuwa sentensi moja tu!

"Poleni sana, jamani," akasema. "Masanduku yanafanana. Nilichanganya."

Kezia alimtazama, kisha akalishika sanduku kulinyanyua. Mkono ukaruka nalo juu. Akalishusha, akalinyanyua tena, akaanza kulia upya.

"Limekuwa jepesi," akasema. "Hizi ni nguo tu."

Wangwe aliondoka mbio. Njia nzima alijiambia kwamba yamekwisha, na madirisha aliyaacha wazi.

Nyumbani alimkuta Priscilla ukumbini, Liz mgongoni, sanduku lake mwenyewe kando ya mguu. Sakafu ilikuwa kavu.

"Ulisema?"

"Nilisema."

Priscilla alipitisha kidole gumba kwenye shavu la mtoto, akakipeleka ulimini. Uso ukamshuka: chumvi bado ipo.

"Umemdanganya hata maiti," akanong'ona.

Wangwe hakumzuia. Alisimama akisikiliza magurudumu ya sanduku la mkewe yakishuka ngazi, yakikwaruza changarawe, yakitoka getini. Yaliponyamaza, yale mengine, ya Chrispine, yakaanza kupanda ngazi, krr, krr.