Nilimtaja Jirani Yangu kwa Sababu ya Bwato

Ilikuwa mwaka 1992, mi nikiwa na miaka thelathini na nne, kazi ya mgodini imenifia hapa Kolwezi. Shule niliacha darasa la tatu. Nyumba nilijijengea kwa mikono hii. Sitaki mtu anihurumie, someni tu.

Jirani yangu Tata Kalala, mtu wa Kasai, alikuwa na bwato, mtumbwi mdogo wa mti wa kuvushia watu mto Lualaba. Ulichongwa na mzee Samba, mvuvi. Mzee alipochoka, mi ndiye niliyeuomba wa kwanza! Lakini nilikawia kuleta pesa, Kalala akanitangulia.

Kwetu pale kivukoni, bwato haihami mkono hivi hivi. Mwenyewe wa zamani anaisukuma majini, mpya akiwa amekaa ndani, watu wakitazama. Bila hiyo, hakuna mama atakayepanda.

Siku Samba alipomsukumia Kalala nilipiga makofi kama wengine. Akina mama wa soko wakaanza kumwita Tata Bwato, baba wa bwato. Hata mke wangu alimsifu, tena mi nikiwa na tonge mdomoni. Ningelimezaje?

Kisha vijana wenye fimbo wakaanza kufukuza watu wa Kasai, wakisema hapa si kwao. Jumamosi moja asubuhi waliniuliza njiani nani bado hajaondoka. Nikanyoosha kidole kwenye nyumba ya Kalala. Hakuna aliyenilazimisha!

Kurudi nyumbani, nikamkuta Mama Ngalula, mke wa Kalala, uani kwangu. Aliniita yaya, yaani kaka, kama siku zote.

"Yaya, bwana yangu anasema kesho kisha misa ukuye ku kivuko. Shiye tunaenda kwetu Kasai. Anataka kukusukumia bwato mbele ya bantu, ibakie yako."

Ningeweza kumwambia, kimbieni sasa hivi! Nilisema nini? "Aksanti, mama." Basi. Niliona haya... nikaacha haya iwaponze wengine.

Saa nane mchana, siku ile ile, vijana walifika. Kalala alitoka na mkewe, godoro moja na watoto watatu, wakapelekwa gare kungoja treni pamoja na maelfu. Aliniona nalia, akanipungia mkono. Alidhani ni huruma!

Nilichukua bwato. Nilipofika nayo kivukoni, akina mama wakaangua kicheko.

"Tata, nani alikusukumia? Ni mamba?"

"Acha ye! Alijisukumia mwenyewe!"

Hakuna aliyepanda. Mwezi mzima, hata mmoja! Jua likaipasua, nikaichanja kuni.

Wale vijana nao hawakufunga mdomo. Mke wangu, aliyesuka nywele na Ngalula kila Jumapili, aliposikia nani alionyesha nyumba, alifunga mizigo yake akarudi kwao Sandoa. Nilimfuata mara mbili. Mara zote mbili alinipa maji ya kunywa, akaniuliza kama Kalala amefika salama. Nikanywa, nikashika njia.

Wasomaji, ukiwa na wivu na mtu, mgombeze usoni, au shika jembe uende ukalime. Usitaje jina lake kwa wenye fimbo! Mi niliiba kitu ambacho kesho yake ningepewa.

Leo nina nyumba ya matofali, vyumba vitatu. Baiskeli. Mbuzi sita. Shamba la mihogo. Redio mbili, moja imekufa. Kitanda cha watu wawili, ninapolala peke yangu.