Gari Lililomfuata Mama

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa, Mama ameshakaa kiti cha nyuma, na gari limeshafika getini. Seremala alikuwa akimpeleka mama yake kliniki ya macho. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alitangulia kufungua geti, nalo likakwama kama kawaida yake. Seremala akaweka gia kwenye N, ile ya kulituliza gari, akashuka kumsaidia. Injini akaiacha inanguruma.

Hapakuwa na upepo, na uwanja ule ni tambarare kama meza. Mshonaji akahisi joto mgongoni. Kugeuka, gari limemfikia. Lilikuja polepole, bila mtu kwenye usukani.

Seremala alirukia breki. Mama, kule nyuma, hakushtuka hata kidogo.

"Msimgombeze," alisema. "Anataka kutoka tu."

Gari lilikuwa la mwanawe mkubwa, kaka yake seremala, ambaye alishafariki. Lilikaa muda mrefu chini ya turubai, na lilipoamshwa giaboksi yake ilikuwa imekufa. Ni giaboksi ya otomatiki, ile inayojibadilishia gia yenyewe. Fundi wa mtaani, jina la utani Chapuchapu, aliifufua kwa vyuma vya giaboksi mbili zilizokufa. Alisema zile ni mtu na pacha wake, hakuna atakayejua.

Tangu hapo gari likiwekwa N lilisogea. Likirudishwa nyuma liliguna, kama limeshikwa na mtu kwa mbele, na ndani kukanuka kuungua. Seremala alimrudia Chapuchapu. Chapuchapu akalizungusha mtaani, akacheka, akasema gari limemkumbuka mwenyewe, liacheni. Seremala naye akacheka. Lakini akaacha kupita mbele ya gari hilo.

Mama alianza kuliamkia kila asubuhi. Alilipa habari za nyumbani. Mshonaji, akiwa kwenye cherehani, alimsikia dirishani akinyamaza katikati ya maneno, kama mtu anayejibiwa, kisha akiendelea.

Alasiri moja seremala aliwasha gari, akaliweka N, akaingia ndani kuchukua msumeno. Mama akatoka. Akasimama kati ya gari na ukuta wa karakana, akafungua mikono.

"Njoo basi, baba," alisema.

Gari likaja.

Mshonaji aliona kupitia dirisha. Alikimbia na sindano ikiwa bado midomoni, akaingia kwenye gari, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Bampa lilikuwa limeshagusa magoti ya Mama, na mgongo wake umeshagusa ukuta. Mama alikuwa akitabasamu.

"Baba watoto," mshonaji alimwambia mumewe alipotoka mbio, "ama tujue kilichomo humo, ama lisiwashwe tena."

Akamfuata jirani yao, Shangazi Grisi, fundi wa giaboksi tu, mwanamke mcheshi asiyependa kuharakishwa. Shangazi alimwita Chapuchapu, akamtaka aifungue giaboksi mbele ya wote. Mama akaletewa kiti.

Shangazi alishika ngoma ya chuma iliyojaa pleti za duara.

"Pleti hizi zimepangwa kama sahani kabatini," alisema. "Oili ikizisukuma, zinabanana, gari linakwenda. Ukiweka N, oili inaachia, pleti zinaachana, gari linatulia. Ila ili ziachane, lazima pabaki nafasi."

Akatoa fila, kile chuma chembamba cha kupimia nafasi. Akajaribu kukipenyeza. Hakikuingia.

"Ngoma ni ya giaboksi moja, pleti ni za nyingine, na ni nene kidogo tu. Zimejaa mpaka juu. Haziachani, zinasuguana, na injini inalivuta gari hata kama hutaki. Ukirudi nyuma, zenyewe bado zinavuta mbele. Ndiyo maana linaguna, ndiyo maana zimeungua."

"Lakini ziliingia vizuri, dada," Chapuchapu alijitetea.

"Na mguu wako unaingia kwenye kiatu cha mwenzio. Haya, kimbia nacho."

Akaeleza kwamba hata giaboksi za aina moja hubadilishwa kwa ndani, mwaka huu hivi, mwaka ule vingine. Kwa hiyo fundi hulinganisha namba za vipuri, huweka pleti zinazotakiwa na ngoma ile, na hupima kabla ya kufunga. Macho hayatoshi.

Mama aliomba pleti moja. Ilikuwa nyeusi kwa kuungua.

"Ndiyo iliyokuwa ikinijia?"

"Ndiyo hiyo, mama yangu."

Mama aliigeuzageuza. "Ya baridi," alisema.

Giaboksi ilipofungwa kwa vipuri vyake sahihi, Shangazi alikaa kwenye usukani, mguu karibu na breki. Gogo liliwekwa mbele kidogo ya gurudumu, watu wakasimama pembeni. Injini ikawashwa, gia ikawekwa N. Gari halikusogea. Mama ndiye aliyesubiri kuliko wote.

"Haya," alisema mwishowe. "Lizimeni."

Seremala sasa hashuki kabla hajaweka P, gia ya kuegesha, kuvuta breki ya mkono na kuzima injini. Mshonaji alijifunza kuendesha. Chapuchapu alinunua fila na bado anaitwa Chapuchapu, ingawa kazi zake sasa zinachelewa. Shangazi Grisi alihamia mji mwingine. Gari linabeba mbao. Mama alitibiwa macho na anaona vizuri. Ile pleti nyeusi iko dirishani mwake. Hasemi nayo.