Kichwa Alichokiacha Dada

Jioni ile nilikwenda saluni kwa dada kuchukua vitu vyake, basi. Draya mbili, kioo, viti vya plastiki na sanduku la rasta. Mwenye nyumba alitaka chumba kiwe kitupu. Dada alikuwa na siku kumi na tisa kaburini.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chembamba kama mkanda. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikuwapo fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita mama fundi. Dada naye, wateja walimwita Redio, maana akianza kusuka na kusimulia, hakuna aliyejua swichi iko wapi. Walikuwa wakisema unaingia na kichwa kinauma, unatoka na mbavu zinauma.

Kuna jambo lazima niliseme kwanza, kwa sababu bila hilo mtaniona mjinga.

Siku aliyokufa, dada alinipigia simu kutoka hospitali. Nilikuwa nimemnunia. Alikuwa amenikaripia mbele ya wafanyakazi wenzangu kwa jambo la kipuuzi, na mimi nikaweka moyoni. Nikaitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Nikasema, acha naye aonje. Saa mbili baadaye simu ikaita tena, namba ile ile. Nikapokea kwa ukali.

Alikuwa muuguzi.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu. Nilikuwa nikienda kazini na kurudi, nikila na kulala, lakini ndani mlikuwa na swali moja tu. Alitaka kuniambia nini?

Basi nilikuwa nimeshashusha kioo na kukigeuzia ukutani, nafunga sanduku la rasta kwa kamba, jua linazama, nikasikia kiti kikikwaruza sakafu nyuma yangu.

Krrr...

Nikageuka. Mwanamke alikuwa ameshaketi. Amejifunga kilemba cheusi, mikono juu ya mapaja, viatu havina hata chembe ya vumbi. Sikusikia mlango.

"Tumefunga, dada," nikamwambia. "Mwenye saluni amefariki."

"Najua," akasema taratibu. "Aliniacha nusu kichwa."

Akafungua kilemba.

Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa twende kilioni, mistari myembamba, imenyooka kama imepigwa rula. Mkono wa msusi haujifichi. Dada alikuwa na kawaida ya kuanza kila mstari kwa kuupinda kidogo kwenye paji la uso. Mistari ile yote ilikuwa imepindwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama, nyingi, nyeusi, zina unyevu. Harufu ikanijia. Mafuta ya nywele... na chini yake, udongo mbichi.

"Imebaki minane," akasema. "Nimalizie."

"Mimi siyo msusi."

"Alikufundisha."

Ni kweli alinifundisha. Lakini nani alimwambia? Nikataka kutoka. Miguu ilikuwa inataka, nawaambia kweli. Ndipo akaongeza neno moja, kwa kunong'ona, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Ukinisuka, utamsikia."

Nikachukua kitana.

Msiniulize kwa nini. Aliyewahi kukataa kupokea simu ya mtu anayekufa haulizi.

Ngozi ya kichwa chake ilikuwa baridi, baridi ya sufuria iliyolala nje. Nikagawa nywele, nikapinda mwanzo, nikaanza kushuka. Na kutoka chini ya vidole vyangu, pale pale ngozi inapokutana na nywele, sauti ikatoka.

*Kidole... wewe Kidole...*

Alikuwa dada. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa sababu njiani nilikuwa nakamata kidole chake kimoja tu, sitaki mkono mzima. Machozi yakanitoka. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Abee, dada. Nipo."

Mstari wa pili nikamwona ana miaka kumi na sita, anakunja sare yake ya shule na kuiweka chini ya godoro, kwa kuwa baba amefariki na mmoja wetu lazima aache masomo. Mstari wa tatu, anapunguza sare ile ile inikae mimi. Wa nne, yupo na yule fundi rangi aliyemchumbia, anamwambia, "Nisubiri mdogo wangu amalize," na fundi rangi anasubiri miaka miwili, kisha anaoa kwingine, na dada ndiye anayemsuka bibi harusi, huku anacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Wa tano, wa sita, nikawa nasimulia kila ninachokiona, nalia, nacheka, mikono inakwenda yenyewe. Jamani, raha ile! Ilikuwa kama kunywa maji baada ya kutwa nzima juani.

Chumba kilikuwa kimeanza kuwa giza. Mstari wa saba ukaisha.

"Dada," nikaita, "siku ile ulipiga kuniambia nini?"



"Hilo liko kwenye mstari wa mwisho," mwanamke akajibu. "Wa mwisho ndio wenye uzito." Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama anayepiga soga tu. "Hivi dada yako alikuwa anakuitaje?"

Nikafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Nikatafuta. Nikatafuta jina, nikatafuta sare, nikatafuta mtu aliyemchumbia. Nilijua kuna vitu vilikuwapo, kama ulimi unavyojua pengo la jino. Nikaangalia mistari niliyoisuka. Ilikuwa inapumua. Inapanda... inashuka... taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Malizia," akanong'ona.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikagawa nywele za mstari wa nane.

Paa! Paa! Paa!

Ukuta wa mbao ukatikisika. "Wewe mtoto! Toka humo! Toka!" Alikuwa mama fundi, anapiga kwa mkasi wake mkubwa. Akazunguka, akausukuma mlango, akanishika kwa ukosi na kunivuta nje kama mzigo. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Kitana kilikuwa bado mkononi mwangu, kimejaa udongo.

Akanikalisha dukani kwake, akanipa maji.

"Nimekusikia muda wote," akasema. "Unaongea peke yako. Unayataja maisha ya dada yako moja moja, na kila unalolitaja sauti yako inapoa. Mwishoni ulikuwa unaongea kama mtu anayesoma tangazo."

"Yule ni nani, mama fundi?"

"Sijui." Akatazama mlango. "Dada yako alimsuka Jumanne, Alhamisi akaanguka. Aliniambia kuna mteja ambaye yeye dada yako alikataa kummalizia. Hakusema kwa nini. Zaidi ya hapo, mwanangu, sijui, na usiniulize."

Hayo niliyowasimulia ya sare na fundi rangi sikuyakumbuka mimi. Niliambiwa na mama fundi, aliyeyasikia kwenye ukuta. Jina la Kidole na mengine niliyapata kwa mama. Kila jioni nilikaa naye jikoni na daftari, namwambia, "Mama, nisimulie dada," naye anasimulia huku hali chakula chake. Alikuwa amekonda mpaka pete inavuka kidole. Nilikuwa nikisikiliza habari za dada yangu mwenyewe kama za mtoto wa jirani. Hazikunichoma popote. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yule mwanamke.

Kosa langu ni moja. Jioni moja mama aliniuliza kwa nini namhojihoji kila siku, na mimi nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia yote. Nikamwonya. Nikamwapisha.

Lakini nilikuwa nimeshasema ile sentensi. "Nilimsikia, mama."

Mama ndiye aliyemfundisha dada kusuka.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba kimya. Nilikimbia mpaka nikapoteza kiatu. Duka la mama fundi lilikuwa limefungwa. Mlango wa saluni ulikuwa wazi, na ndani nilisikia ufagio.

Shwaa... shwaa...

Mama alikuwa anafagia nywele, anaimba kwa chinichini. Uso wake ulikuwa umetulia. Tangu tuzike sikuwahi kuuona hivyo.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Aa, kuna mteja alikuwa hajamaliziwa. Mstari mmoja tu, nikamsaidia." Akaegemeza ufagio ukutani. "Twende nyumbani, nina njaa."

"Dada alisema nini, mama? Kwenye ule mstari, alisema nini?"

"Nani?"



Nyumbani alikula sahani nzima, akaongeza. Alinitania kwamba natembea na kiatu kimoja kama mlevi. Alipomaliza kunawa, nikaleta picha ya dada, ile aliyopigwa mlangoni pa saluni, kitana kimebanwa mdomoni. Nikamwekea mbele yake.

Mama akaisogeza kwenye taa. Akaitazama kwa muda mrefu. Akatabasamu.

"Msichana mzuri," akasema. "Wa nani huyu?"

Nikamtazama mama yangu, ameshiba, amepona, na daftari liko kifuani kwangu. Ningeweza kulifungua. Ningeweza kuanza ukurasa wa kwanza.

"Sijui, mama," nikasema. "Nimeiokota njiani."

Akanirudishia picha, akaifuta kwanza kwa upindo wa nguo yake.

"Irudishe ulipoiokota," akasema. "Mama yake atakuwa anaitafuta."